Akiba ya Nguvu Katika Kiwanda cha Zana za Uokoaji

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi wakisikia habari ya kutunza umeme hufikiri juu ya kuzima taa, na kwao habari hiyo huwa imekwisha hapo. Lakini katika nchi zenye viwanda vingi jambo hili ni elimu kamili. Lina vipimo vyake na sheria zake, na wako watu walioajiriwa kwa kazi hiyo tu. Nimependa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu jinsi elimu hiyo itumikavyo katika viwanda vya namna moja, yaani viwanda vya zana za uokoaji, na nimevichagua makusudi. Mwenye kiwanda cha sabuni akipunguza moto chini ya sufuria yake, hasara kubwa awezayo kupata ni sabuni isiyoganda. Mwenye kiwanda cha zana za uokoaji akipunguza moto pasipostahili, hasara haitaonekana kiwandani. Itaonekana usiku mmoja barabarani, mtu amebanwa ndani ya gari, na mkasi uliokuja kumtoa umevunjika.

Basi swali ni hili: kiwanda kama hicho kina ruhusa ya kubana matumizi wapi, na wapi hakina ruhusa?

Kwanza nizieleze zana zenyewe. Muhula uliopita askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji walitutembelea shuleni, wakatuonyesha mbili. Moja ni mkasi mkubwa wa kukatia nguzo za gari, na nyingine ni taya ambazo ncha zake huingizwa penye ufa mdogo wa mlango, kisha zikajipanua na kuubandua mlango wote. Zana hizi hupendwa kuitwa Taya za Uhai. Zilianza Marekani katika miaka ya 1960 kwa juhudi za George Hurst, mtengenezaji wa vipuri vya magari ya mashindano, aliyetaka dereva aliyebanwa atolewe upesi. Siku hizi zatengenezwa na viwanda kadhaa duniani. Vilivyo mashuhuri ni Holmatro ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1967, na Lukas ya mji wa Erlangen katika Ujerumani.

Aliyewahi kuona jeki ya mafuta ikiinua lori ameshaona siri yake. Blaise Pascal, mtaalamu wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1662, alieleza kwamba msukumo ukitiwa katika kimiminiko kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Kwa hiyo pampu ndogo ikiyasukuma mafuta kwenye bastola pana, nguvu huongezeka mara nyingi. Katika zana hizi mafuta husukumwa mpaka kufikia baa 700 hivi. Tairi la gari dogo lina baa 2 au zaidi kidogo, basi msomaji na afanye hesabu mwenyewe. Mikasi mikubwa ya siku hizi yafikia nguvu ya tani 100 na kupita karibu na msumari wake wa katikati, na bado mtu mmoja aweza kuubeba.

Kwa ajili ya nguvu hiyo, ziko kazi mbili kiwandani ambazo mtunza akiba hana ruhusa ya kuzigusa ovyo.

Ya kwanza ni moto wa makali. Meno ya mkasi hufuliwa kwa chuma cha pua, kisha hutiwa katika tanuri mpaka kupata joto la digrii 900 au hata 1,000 Sentigredi, halafu hupozwa kwa ghafula. Wahunzi wetu wanaijua kazi hii tangu zamani: panga jekundu huchovya likalia, likatoka gumu. Lakini chuma kilichopozwa ghafula huwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo, ndiyo maana hupashwa tena kwa moto wa kadiri, saa baada ya saa, mpaka kipate uvumilivu. Tanuri hilo hula umeme au gesi nyingi sana. Mtu asiyejua angeweza kusema, “Tupunguze saa moja, tumepata akiba.” Angekuwa amepata akiba ya saa moja na kutengeneza jino litakalopasuka chini ya mzigo. Kinachoruhusiwa ni kulizungushia tanuri kuta nene zisizopitisha joto, kuufunga mlango upesi, na kutoliwasha mpaka lijae. Kuwasha tanuri kwa ajili ya meno manne ni sawa na kuwasha jiko la bweni zima ili kuchemsha chai ya mtu mmoja. Moto wa chuma chenyewe haupunguzwi hata digrii moja.

Kazi ya pili ni majaribio. Ulaya wana kanuni iitwayo EN 13204 na Marekani wana kanuni yao, na zote mbili zaeleza jinsi zana hizi ziwezavyo kupimwa na kuaminiwa. Pampu za majaribio hufanya kazi kutwa, na nguvu zao nyingi huishia kuwa joto katika mafuta. Kwa macho ya mhasibu huo ni upotevu mtupu, maana zana imeshakamilika na bado yalishwa umeme. Kwa maoni yangu hakuna umeme unaotumika vizuri zaidi katika kiwanda kizima.

Sasa nije mahali penye akiba ya kweli, napo ni penye hewa.

Mgeni akiingia katika kiwanda cha namna hii ataona nyaya za umeme, na sambamba nazo ataona mabomba ya hewa yamepita ukutani. Hewa hiyo imeshindiliwa na kompresa kama ile ya mtengeneza matairi, lakini kubwa zaidi. Hutumika kukaza nati, kushika chuma katika mashine ya kukereza, kupuliza taka, na kupaka rangi. Kwa kuwa hewa ni bure, mafundi wengi huidhania kuwa haina gharama. Kumbe ni katika nguvu zilizo ghali kabisa kiwandani. Shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi, utaona ina joto. Joto hilo ni jasho lako lililokwenda pasipotakiwa. Kompresa ni hivyo hivyo. Katika kila yuniti 10 za umeme inazokula, kiasi cha yuniti 9 hugeuka kuwa joto, na ile iliyobaki ndiyo ifanyayo kazi uliyoitaka.

Joto hilo laweza kukamatwa. Katika nchi za baridi hupitishwa katika mabomba likapasha vyumba wakati wa kipupwe, au likachemsha maji ya kuoshea vipande vya zana kabla ya kuunganishwa. Sisi hatuhitaji kupasha vyumba, angalau wale wasiokaa Njombe, lakini maji ya moto yangetufaa.

Ubaya mkubwa zaidi ni mvujo. Katika viwanda visivyoangaliwa vizuri, sehemu 20 mpaka 30 katika kila 100 za hewa yote hutoka katika matundu madogo na viungo vilivyolegea kabla ya kufika kazini. Tuseme liko tundu moja lenye upana wa milimita 3, katika bomba lenye msukumo wa baa 6. Kulilisha tundu hilo kompresa yahitaji nguvu ya kilowati 3 hivi. Mabomba yakiachwa yamejaa mchana na usiku, yuniti 72 zapotea kila siku, na kwa mwaka mzima ni yuniti 26,280. Mwenzangu mmoja alikataa kuziamini hesabu hizi, tukazirudia pamoja ubaoni, zikatoka vile vile.

Kulipata tundu hilo si kazi ya ajabu. Fundi wa baiskeli hulitia tyubu ndani ya beseni la maji akatazama povu linatokea wapi. Kiwanda hakiwezi kutiwa katika beseni, kwa hiyo mafundi hupaka povu la sabuni penye kila kiungo wakaangalia panapotoa mapovu. Pale penye makelele mengi hutumia chombo kinachosikia sauti nyembamba kupita zile za sikio la binadamu, maana hewa inayochoropoka katika tundu dogo hupiga mluzi ambao sisi hatuusikii. Lakini njia iliyonipendeza kuliko zote haihitaji chombo chochote. Msimamizi huenda kiwandani siku ya Jumapili, wakati hapana mtu kazini na mashine zote zimezimwa, akaketi karibu na kompresa iliyoachwa ikiwaka. Kama mabomba ni mazima, kompresa itajaza tangi mara moja kisha itanyamaza. Kama yanavuja, itaamka yenyewe kila baada ya dakika chache. Hesabu ya kuamka kwake ndiyo hesabu ya mvujo, kwa sababu siku hiyo haina mwingine wa kumfanyia kazi.

Hata msukumo wenyewe hutazamwa. Mara nyingi kompresa huwekwa baa 8 kwa sababu fundi mmoja wa zamani aliiweka hivyo, na kumbe mashine zote zatosheka na 6 au 7. Kila baa moja inayoondolewa yapunguza umeme wa kompresa kiasi cha sehemu 7 katika 100. Mkasi wa uokoaji haujui habari hiyo hata kidogo. Ugumu wa meno yake ni ule ule.

Jambo lingine ni mota. Wanafunzi wa Fizikia wataifurahia hesabu yake. Pangaboi au pampu ya maji ikizungushwa kwa sehemu nane ya kumi ya mwendo wake, nguvu inayohitajiwa haipungui kwa kadiri ile ile. Hupungua kwa nane ya kumi, mara nane ya kumi, mara nane ya kumi tena, yaani yabaki karibu nusu tu. Kwa hiyo pampu za maji ya kupozea na mapangaboi ya kuvuta moshi siku hizi hufungiwa kifaa cha kuongoza mwendo, kuliko kuyaacha yakimbie kwa nguvu zote huku valvu imefungwa nusu. Ni kama mwendesha gari anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja.

Taa nazo zimebadilishwa kuwa za LED, na juu ya mapaa huwekwa vioo vya kuvuta umeme wa jua. Hayo yanajulikana, sina haja ya kuyaeleza.

Lakini mtu akihesabu nguvu zilizotumika katika zana moja tangu mwanzo, ataona kwamba nyingi hazikutumika kiwandani kabisa. Zilitumika kabla chuma na alumini havijafika mlangoni. Mwili wa zana hizi hutengenezwa kwa alumini ili mwokoaji aweze kuibeba, na alumini ni mlaji mkubwa wa umeme. Njia ya kuitoa kwa umeme iligunduliwa mwaka 1886 na watu wawili wasiojuana, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, ambao wote wawili walizaliwa mwaka 1863, kwa hiyo hawakuwa wakubwa sana kuliko sisi. Kilo moja ya alumini mpya yahitaji yuniti 13 hadi 15 za umeme katika kuyeyushwa. Kwa yuniti 14 taa ya LED ya wati 9 yaweza kuwaka saa 5 kila usiku kwa zaidi ya miezi kumi. Alumini ya zamani ikiyeyushwa upya, nguvu zinazohitajiwa ni kiasi cha sehemu 5 tu katika 100 za zile za kwanza.

Hapa ndipo maganda yanapopata thamani. Mashine ya kukereza huanza na kipande kinene cha alumini, ikakichonga mpaka ibaki ile sura inayotakiwa, na sakafuni huanguka maganda yaliyojisokota kama ya muwa. Kiwanda chenye busara hakiyachanganyi na maganda ya chuma, wala hakichanganyi aina moja ya alumini na nyingine, na huyakamua mafuta ya kupozea ili yatumike tena. Yakichanganyika, hufaa sufuria lakini hayafai tena kushikilia baa 700. Njia iliyo bora zaidi ni kuanza na kipande kilichokwisha kufuliwa karibu na sura yake ya mwisho, ili maganda yawe machache tangu mwanzo.

Je, wenye viwanda hufanya haya kwa hiari? Wengine ndiyo, hasa tangu mwaka 2022, bei ya gesi ilipopanda sana Ulaya baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Lakini Uholanzi iko sheria pia. Kampuni itumiayo yuniti 50,000 za umeme au zaidi kwa mwaka, au mita za ujazo 25,000 za gesi, yalazimishwa kufanya kila jambo la kutunza nguvu ambalo gharama yake itarudi ndani ya miaka 5. Naipenda sheria hii kwa kuwa haimlazimishi mtu kununua kisichomlipa. Yamkataza kukaa tu juu ya faida yake mwenyewe. Na msomaji akirudi juu kwenye lile tundu la milimita 3 ataona kwamba peke yake lapoteza zaidi ya nusu ya hizo yuniti 50,000.

Liko jambo moja ambalo ni gumu zaidi, na sijaona jibu lake lililo rahisi. Kwa kawaida tunasema kwamba kitu kinachodumu ndicho kinachotunza nguvu, maana hakihitaji kutengenezwa kingine. Zana za uokoaji zinadumu kweli. Zikikaguliwa kila mwaka, zikabadilishwa mipira na mafuta, na meno yakabadilishwa yakilika, zaweza kutumika miaka mingi. Shida haitoki katika zana, yatoka katika magari. Ili kuwalinda abiria, watengenezaji wa magari siku hizi hutia katika nguzo za mlango chuma maalumu kilichotiwa boroni, chenye nguvu mara 3 au 4 ya bati la magari ya zamani. Ni jambo jema gari linapogongwa, lakini huwa kikwazo mtu anapotaka kukatwa humo. Mkasi mzima kabisa, usio na kosa lolote, waweza kushindwa na gari la leo kwa sababu tu ulitengenezwa kwa ajili ya gari la jana.

Na sisi tusidhani kwamba habari hiyo ni ya Ulaya tu. Magari mengi katika barabara zetu ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Nguzo iliyokuwa mpya kule miaka kumi iliyopita ndiyo inayopita leo hapa Morogoro na Chalinze. Kwa hiyo zana ya zamani inayoachwa na kikosi cha nchi tajiri yaweza kuonekana kama akiba nzuri kwa kikosi maskini, na pengine ni akiba kweli kwa kukatia bawaba na usukani. Lakini ni lazima ijaribiwe juu ya magari yenyewe ya hapa kabla haijategemewa. Viwanda vingine hupunguza shida hii kwa kutengeneza meno mapya yanayoingia katika mwili wa zamani, na mimi naona hiyo ndiyo akiba kubwa kuliko taa zote za kiwanda, maana mwili wa alumini wabaki na kazi yake.

Nimalizie na badiliko kubwa la zana hizi katika miaka ya karibuni. Zamani mkasi ulilishwa mafuta kwa mpira mrefu kutoka kwa pampu ya injini ya petroli iliyowekwa chini. Injini hiyo hunguruma muda wote, hata waokoaji wanaposimama kushauriana au daktari anapomfunga mgonjwa kitambaa, nayo yachoma petroli kwa kazi ya sekunde chache chache. Mwaka 2010 Lukas ilitoa jamii ya zana zenye betri, pampu ikiwa ndani ya zana yenyewe, na Holmatro na wengine nao wana zana za namna hiyo. Mota huzunguka pale mwokoaji anapoitaka, akiachia yapumzika. Askari aliyetuonyesha alisema kwamba yeye hapendi betri kwa ajili ya petroli inayookolewa. Aipenda kwa sababu aweza kumsikia aliyebanwa anasema nini.

Walakini betri si kitu kisicho na deni. Betri nyingi za lithiamu zina kobalti ndani yake, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi, na watu wasemao Kiswahili kama sisi. Tena betri huzeeka hata ikikaa rafuni, na kituo kisicho na umeme wa kuaminika hakiwezi kujua kama itakuwa imejaa siku itakapohitajiwa. Kwa hiyo vituo vingine, pamoja na kununua zana mpya, vimeiacha pampu moja ya petroli pembeni, imejazwa mafuta, na huwashwa kidogo kila juma ili isije ikagoma.